Enameli yenye mabaka: protini zinakwama wapi?

gego_la_sita: Wadau wa meno, naomba kueleweshwa. Enameli (tabaka gumu la nje la jino) iliyokomaa ina madini kama 96% kwa uzito, lakini ameloblasti, seli zinazoijenga, huanza kwa kumwaga protini tele, nyingi zikiwa amelojenini. Za kazi gani, kama kinachotakiwa ni madini? Na kwa nini vijazio hubanduka kwenye meno yaliyoathiriwa na floraidi nyingi na pia kwenye magego yenye MIH (kasoro ya enameli ya magego ya kwanza na meno ya mbele)?

fuwele: Mkuu, fikiria zege la nguzo. Amelojenini ni zile mbao zinazolishika. Fuwele za madini huanza kama tepe nyembamba, zinarefuka kadiri seli inavyorudi nyuma, na protini huzizuia zisinenepe mapema. Kimeng'enya MMP20 hukata amelojenini taratibu katika hatua hiyo. Ikiisha, unene wa enameli umekamilika, ila ni laini kama sabuni iliyolowa. Ndipo kimeng'enya kingine, KLK4, kinapovunja protini zilizobaki, seli inafyonza vipande, na kalsiamu na fosfeti zinaingia kunenepesha fuwele. Mbao zisipotolewa, nafasi ya madini haipo.

Magonjwa ya kurithi yanalionyesha hili vizuri: jeni ya KLK4 ikiharibika, unene wa enameli ni wa kawaida lakini ni laini na inalika upesi. Na ameloblasti hufa jino likitokeza, kwa hiyo hakuna wa kurudi kurekebisha.

maji_ya_meru: Niongezee. Kwa floraidi nyingi, uondoaji wa amelojenini huchelewa. Chini ya uso enameli inabaki na vitundu, huku safu ya juu ikiwa na madini mengi na sugu kwa asidi. Mabaka hutawanyika bila mpaka, kushoto na kulia sawasawa. MIH ni tofauti: baka lina ukingo wazi, jeupe, la njano au la kahawia, kwenye magego ya kwanza na mara nyingi meno ya mbele, na laweza kuwa upande mmoja tu. Ndani yake protini ni nyingi, ikiwemo albumini (protini ya damu), ambayo hung'ang'ania fuwele na kuzizuia kukua.

Kwa wazazi wa Arusha na Meru, kwenye maji yenye floraidi nyingi: kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaikoleza tu kwa sababu maji ndiyo yanayopungua. Chujio la mkaa wa mifupa hufanya kazi, mradi mkaa ubadilishwe ukishachoka. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita.

gego_la_sita: Kwa hiyo nizidishe muda wa asidi, ile ya kukwaruza enameli ili gundi ya kijazio ishike, kwa yote mawili?

fuwele: Hapana! Kwenye floraidi, sawa: asidi ya fosforiki 37% inaweza kukaa zaidi ya zile sekunde 15 hadi 30 za kawaida, na ikiwa kali, kwangua kwanza safu ya juu kidogo kwa bari ya almasi (kichwa cha mashine ya kuchongea jino). Kwenye MIH asidi hula madini machache yaliyopo, protini inabaki, gundi haipenyi. Wengine hupaka haipokloraiti ya sodiamu 5% kwa sekunde 60 ili kuondoa protini hiyo, kisha husuuza vizuri, ingawa tafiti hazijaafikiana juu ya faida yake. Ukiipaka, weka mpira wa kutenga jino, maana inaunguza fizi. La muhimu zaidi ni ukingo wa kijazio: uishie kwenye enameli ngumu. Ukiuacha juu ya enameli laini kama chaki, kijazio hakibanduki kwa gundi. Enameli yenyewe ndiyo inayovunjika pembeni yake. Gego ambalo bado linachomoza na halikauki, liwekee glasi ayonoma (kijazio kinachovumilia unyevu) kwanza.