Kwa nini wanafunzi wa udaktari Marekani hujitolea kuwapa malazi waombaji wasiowajua?

BiKizingo

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mtoto wa dadangu anasomea udaktari Marekani, yuko mwaka wa kwanza. Ametuandikia kwenye wasapu ya familia kwamba amejiandikisha kuwa mwenyeji: vijana wanaotafuta nafasi katika shule yao watakuwa wakija kulala kwake, usiku mmoja mmoja, bila kulipa chochote. Sisi watu wa Mombasa kupokea wageni tumezoea, lakini mgeni wetu hata akiwa wa mbali huwa kuna anayemjua. Huyu hajulikani na mtu, na mwenyeji mwenyewe mitihani haimpi nafasi ya kupumua. Mamake hana raha kabisa.

Naomba wanaozijua shule hizo watueleze. Hawa wanafunzi wanapata nini? Na akishikilia kufanya, afanyeje asiharibu masomo wala asijitie hatarini? Hapa kwetu mtoto hupangiwa chuo na KUCCPS, shirika la serikali la kugawa nafasi, kwa alama zake za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na haitwi popote kuangaliwa, kwa hivyo hata hayo mahojiano tunayosikia waombaji wa kule wanaitiwa hatuyaelewi.

Kibokoni_Mkazi

Waleikum salaam dada. Ukiujua mfumo wao, mengi yatakaa sawa.

Kule kwa kawaida mtu haingii udaktari akitoka sekondari. Humaliza kwanza digrii, kwa kawaida miaka minne, akafanya mtihani wa MCAT ambao alama zake ni kati ya 472 na 528, halafu akatuma maombi. Shule nyingi hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Ada ya shule ya kwanza inazidi dola 170, na kila shule unayoongeza inazidi dola 40. Kwa kuwa hata mwenye alama za juu hana uhakika wa kuchukuliwa, wengi hutuma kwa shule 15 na zaidi. Kisha kila shule huwaita wachache kwa mahojiano, kuanzia Agosti au Septemba mpaka kama Machi, na kwa kawaida nauli na hoteli ni juu ya mwombaji. Mahojiano yakiwa ya ana kwa ana, aliyeitwa na shule tano katika majimbo matano atapanda ndege mara tano kabla hajajua kama amepata hata moja. Huyo akipewa pa kulala amepunguziwa mzigo mkubwa.

Sasa, wenyeji wanapata nini? Sababu ya kwanza ni deni. Wengi wao walilala kwenye sebule ya mwanafunzi fulani walipokuwa wakizunguka, na hawana njia ya kumlipa yule ila kumpokea anayefuata. Deni lenyewe lilikuwa likiendelea hata mbele: katika shule kadhaa, kabla ya mahojiano kuhamia kwenye video, wahitimu walikuwa wakiwapokea wanafunzi wa mwaka wa nne waliosafiri kuhojiwa na hospitali walikotaka kufanyia mafunzo ya ubingwa.

Ya pili naiona ndiyo nzito. Darasa la udaktari kule mara nyingi lina watu mia moja na ushee, na kazi nyingi hufanywa katika vikundi vya watu sita hadi kumi: kupasua maiti, kujadili kesi, kujifunza kumpima mgonjwa. Mtu mmoja mwenye kiburi au mvivu anaweza kukiharibu kikundi mwaka mzima. Kwa hivyo mwanafunzi akimwona mgeni mzuri humtaka aje kwao, asichukuliwe na shule nyingine. Anamkaribisha mtu ambaye kesho atakuwa mwenzake wa kazi.

Ya tatu: kuna maswali ambayo mwombaji hawezi kumuuliza mkuu wa shule. Mnalala saa ngapi? Mtu akifeli somo anasaidiwa au anaachwa? Walimu wanawadhalilisha watu wodini? Kodi ya nyumba ni ngapi, na unaweza kuishi bila gari? Hayo huulizwa saa nne usiku mtu amevua viatu, na majibu yake humfaa mwombaji kuliko kijitabu chochote cha shule. Wanafunzi weusi na watoto wa wahamiaji hulijali hili zaidi. Shirika la wanafunzi weusi wa udaktari, SNMA, lipo tangu 1964, na kumwonyesha anayekuja kwamba hatakuwa peke yake ni kazi wanayoipa uzito. Usishangae kama mtoto wenu amesukumwa na hilo.

Jambo moja mumuulize. Tangu korona ya 2020 mahojiano yalihamia kwenye video, na shule nyingi hazijarudi nyuma. Je, wageni wake wanakuja kuhojiwa, au ni wale waliokwisha kupata nafasi na wanakuja kuikagua shule kabla ya kuamua? Hawa wa pili huja zaidi Machi na Aprili, kwa sababu mwenye nafasi zaidi ya moja anatarajiwa kubakisha moja ifikapo 30 Aprili. Anayekuja kuhojiwa anataka usingizi na utulivu. Anayekuja kuchagua anataka mazungumzo na kutembezwa mtaa. Maandalizi yake si mamoja.

Muuguzi_Tudor

Naongezea upande wa vitendo, maana hapo ndipo watu hukwama.

Kabla ya kukubali mgeni yeyote, asome mkataba wa nyumba. Mabweni na fleti nyingi zina kanuni kuhusu wageni wa kulala: wengine wanataka jina liandikwe mlangoni, wengine wanahesabu siku. Kisha apate ruhusa ya anaoishi nao, kwa maandishi, hata ujumbe mfupi unatosha. Ugomvi mwingi hutokea hapo, si kwa mgeni. Mwenzako akitoka kuoga akakuta mtu asiyemjua jikoni, amekosewa, na ana haki ya kukasirika.

Fomu ya kujiandikisha kwa kawaida huuliza jinsia ya mgeni unayekubali, kama kuna paka au mbwa, kama kuna mvutaji sigara, na ni siku zipi huwezi. Aijaze yote. Akitaka wasichana tu, aandike wasichana tu, hakuna atakayemuuliza sababu. Na zile siku za mtihani azifunge mapema: siku tatu kabla ya kila mtihani asipokee mtu. Akiacha wazi kwa kufikiri atakataa baadaye, ofisi ya shule inayopanga wageni itampangia, na kumkatalia mwombaji ambaye tayari amekata tiketi ni kumwacha njiani.

Wiki moja kabla, amwandikie mgeni imeili moja yenye kila kitu: anwani kamili na nambari ya mlango, basi gani linatoka uwanja wa ndege, funguo atazipata vipi kama mwenyeji yuko darasani, atalalia nini (kitanda, kochi au godoro la upepo), kuna mnyama au hapana, na ni dakika ngapi kwa miguu hadi mahali pa mahojiano. Hapo kwenye kitanda asipambe. Mtu mrefu akiambiwa kuna kochi fupi ataamua mwenyewe mapema.

Godoro la upepo linahitaji neno lake. Ukilijaza jioni ukaliweka juu ya sakafu baridi, ile hewa ndani inapoa usiku na kunywea, na plastiki mpya nayo inatanuka. Saa tisa usiku mgeni amegusa sakafu na anadhani limetoboka. Dawa yake: lijazwe mchana, liachwe saa kadhaa, liongezwe hewa kabla ya kulala, na chini yake utandikwe mkeka au blanketi nzito. Juu pia blanketi moja iwe chini ya shuka, kwa sababu baridi humpanda mtu kutoka chini. Januari katika miji ya kaskazini hili si anasa.

Vitu vingine ni vidogo ila hukosekana asubuhi: pasi na meza yake (suti iliyokaa kwenye begi imekunjamana), taulo, nambari ya siri ya intaneti iliyoandikwa kwenye karatasi, soketi karibu na kichwa cha kitanda, na makubaliano ya nani anaingia bafuni saa ngapi. Chakula cha jioni si lazima. Shule nyingine huandaa, na mgeni mwenye wasiwasi hali sana. Chai na mkate asubuhi vinatosha, ingawa mtoto wa Mombasa akiweka mahamri mezani sidhani kuna atakayelalamika.

Usalama: apokee wageni kupitia orodha ya shule tu, si kupitia makundi ya mitandaoni. Jina na ratiba ya mgeni zitoke ofisini. Aweke nambari ya dharura ya ofisi kwenye simu, amwambie rafiki mmoja ni nani analala kwake, na dawa, pasipoti na kompyuta vikae kwenye chumba chenye kufuli. Si kumdhania mgeni ubaya. Hata mgeni hupumua vizuri akijua kila kitu kina mahali pake.

BiKizingo

Shukran sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimemsomea dadangu yote na ametulia kidogo. Yamebaki mawili. Mwenyeji anampa mgeni alama? Yaani akisema huyu hafai, anakataliwa? Na hili litamsaidia mtoto wetu baadaye kwenye maombi yake ya kazi?

Mtarajiwa_Changamwe

La kwanza, kwa kawaida hapana. Katika shule nyingi wanafunzi hukaa kwenye kamati na hata kuhoji, lakini anayehoji na anayelaza hutenganishwa. Mgeni akijua anapimwa mpaka kitandani hatauliza la maana, na faida yote inapotea. Mambo makubwa ni mbali: mgeni akitukana, akilewa akavunja vitu au akimsumbua mtu, mwenyeji ataripoti na anapaswa kuripoti. Aiulize ofisi yao kanuni yake, kisha amwambie mgeni waziwazi usiku ule ule.

Kuna upande wa pili watu husahau. Mwenyeji naye ana mipaka. Asimuulize mgeni alama zake za MCAT, wala ameitwa shule gani nyingine, wala kama ameolewa au anataka watoto. Na asimpe maswali ya mahojiano, hata akiyajua. Shule nyingi hutumia vituo vifupi ambapo mwombaji huzunguka chumba hadi chumba akipewa hali ya kutatua, na yaliyomo ni siri. Mwenyeji akiyavujisha, anayeumia ni mgeni, na yeye mwenyewe atajibu mashtaka ya nidhamu. Zawadi pia: kadi ya shukrani baada ya ziara ni sawa, lakini fedha asipokee, hata ikiitwa ya sabuni.

La pili, manufaa ni madogo. Fomu ya ERAS, ya kuombea mafunzo ya ubingwa, wanayojaza mwaka wa nne ina nafasi kumi tu za shughuli, na usiku chache za kulaza wageni hazistahili nafasi moja kati ya hizo. Akija kuwa mratibu wa mpango mzima, yaani kupanga wageni, kutafuta wenyeji wa akiba na kusimamia kanuni, hapo ameshika uongozi na ataandika bila aibu. Anayejiunga kwa ajili ya fomu huchoka baada ya mgeni wa pili.

Kibokoni_Mkazi

Hapo kwenye wenyeji wa akiba Mtarajiwa amegusa penyewe. Linaloharibika mara nyingi zaidi ni ndege kuchelewa. Mgeni wa saa kumi na mbili jioni anafika saa saba usiku wakati mwenyeji ana maabara asubuhi. Bi Kizingo, mwambieni akubaliane na mgeni mapema kwamba mwisho wa kupokelewa ni saa fulani, tuseme saa tano, na ikipita hapo mgeni apige nambari ya ofisi au ya mwenyeji wa akiba. Iandikwe kwenye ile imeili ya kwanza. Na aanze na mgeni mmoja kwa mwezi mpaka aone masomo yanakwendaje. Ofisi huwa radhi kumwongezea mtu, lakini kumpunguzia katikati ya msimu ni tabu.