Draiva ya feawei ya kuaminika: TeeBird, Leopard3, River au Volt?

Msonobari_Tampere

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo ya wanaocheza gofu ya diski (unarusha diski hadi kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo), hasa nyie mlioko Ulaya na Marekani ambako viwanja viko vingi.

Mimi niko Tampere, Ufini. Tangu mashindano ya dunia ya 2025 yafanyike hapa na kwa jirani zetu Nokia, kazini kwetu mazungumzo ya chai ni diski tu. Viwanja vingi huku ni vya bure, unafika na kuanza kurusha. Kwenye begi nina pata moja (diski ya kulengea kikapu kwa karibu) na Buzzz ya Discraft, diski ya masafa ya kati. Buzzz naiamini kabisa, nikiirusha bakhendi (mkono ukipita mbele ya kifua) inakwenda ninakoangalia, mita 60 hivi. Ninachotafuta ni draiva ya feawei, yaani diski ya kunifikisha mita 75 hadi 85 bila kuniingiza msituni. Feawei (njia za kurushia) za huku ni nyembamba, misonobari kulia na kushoto, na ukitoka nje mrusho wa pili unaupiga umechuchumaa chini ya matawi.

Orodha yangu imebaki na nne:

TeeBird ya Innova: 7, 5, 0, 2
Leopard3 ya Innova: 7, 5, -2, 1
River ya Latitude 64: 7, 7, -1, 1
Volt ya MVP: 8, 5, -0.5, 2

Kwa wageni wa mchezo: namba ya kwanza ni kasi, ya pili ni kuelea, ya tatu ni namna diski inavyopinda ikiwa bado ina mbio (ikiwa hasi, inakwenda kulia kwa anayerusha bakhendi kwa mkono wa kulia), na ya nne ni namna inavyorudi kushoto mbio zikiisha.

Nataka kununua moja tu nikae nayo. Ipi ya kuaminika?

Denver254

Kaka, karibu sana kwenye mchezo. Chukua TeeBird.

Diski hii ipo sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ken Climo, bingwa wa dunia mara 12, aliirusha kiasi kwamba Innova walitoa toleo lenye herufi za jina lake. Tangu hapo zimekuja diski mpya chungu nzima na bado watu wanairudia hii, kwa sababu haina mambo mengi. Ukiitoa mkononi ikiwa bapa inanyooka, ukiongeza nguvu haikimbilii kulia, na mwishoni inajilaza kushoto polepole na kutua. Leo hivyo, kesho hivyo.

Na kwangu hiyo ndiyo maana ya kuaminika. Diski inayopinda kirahisi inakuficha. Tuseme umeinua pua ya diski (ukingo wake wa mbele) wakati wa kuachia. Kwa kawaida itapanda, itapoteza mbio na kuanguka kushoto. Lakini kama yenyewe inapenda kulia, kasoro moja inafuta nyingine, inatua katikati ya feawei na wewe unaondoka ukijua umerusha vizuri. Siku upepo ukibadilika hujui pa kuanzia kurekebisha. TeeBird ikienda kushoto mapema, ujue pua ilikuwa juu au mkono ulichelewa. Inakwambia ukweli.

Nyongeza kidogo kwa walioko miinuko: huku Denver tuko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, si mbali na urefu wa Nairobi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo diski zinaelea kidogo na kurudi kushoto mapema. Wewe Tampere uko chini, TeeBird itanyooka kwako kuliko inavyonyooka kwangu.

Dada_Minneapolis

Denver254 nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe.

Namba zilizochapwa kwenye diski zinatimia kwa mkono wenye kasi ambayo diski ile iliundiwa. Mtu anayefika mita 60 kwa Buzzz bado hajaifikia kasi ya TeeBird. Ile sifuri ya namba ya tatu kwake itasomeka kama kurudi kushoto tu: inatoka, inanyooka kidogo, halafu inaanza kushuka kushoto kabla hata ya kupita pale Buzzz inapotua. Ukweli inaousema ni mmoja, kwamba mkono bado, na hilo mwenyewe analijua tayari. Ubaya ni kwamba akiona hivyo ataanza kulazimisha, bega linafunguka mapema, kiwiko kinaporomoka. Nimewasaidia kina dada wengi kuanza mchezo huu hapa na hilo nimeliona kwa macho kila msimu.

Mimi nasema Leopard3. Ni bapa, inakaa vizuri hata kwenye kiganja kidogo, haihitaji nguvu nyingi kunyooka, na kwa mkono wa kati ile -2 haionekani kama -2, inaonekana kama mstari ulionyooka. Mkono ukikua, unainamisha ukingo wa nje chini kidogo wakati wa kuachia, diski inajiinua yenyewe hadi kuwa bapa na kwenda mbali. Ufundi huo utaufanya kwa Leopard3 mapema sana, kwa TeeBird utasubiri.

Halafu hakuna aliyegusa uzito! Kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na kwa kuwa draiva nyingi zina kipenyo cha sentimita 21 hivi, zinakomea karibu gramu 175. Madukani watu wanazoa za 175 kwa sababu ndizo wanazoziona mikononi mwa wataalamu. Kwa mkono wa mita 60, tafuta gramu 160 hadi 168. Nyepesi inachukua mbio haraka na kuelea zaidi. Gharama yake ni kwamba upepo unaichezea.

Bukavu_Oulu

Jambo bandugu. Mimi niko Ufini pia, lakini kaskazini, Oulu, pembeni ya Ghuba ya Bothnia. Nitazungumza kama mtu wa baridi.

River nimeirusha sana. Inatengenezwa na Latitude 64 wa Skellefteå, Sweden, ng'ambo ya maji kutoka kwetu. Ile saba ya kuelea si ya kutangazia biashara. Unairusha polepole, unadhani imekwisha, kumbe bado iko hewani. Ndani ya msitu uliotulia hakuna raha kama hiyo: unairusha chini, usawa wa kiuno, inapita katikati ya miti bila haraka. Lakini ikitoka uwanda wa wazi upepo wa baharini unaibeba kama jani la mgomba. Upepo ukikupiga usoni, diski inajiona iko kasi kuliko ilivyo, inapinda kulia zaidi. Upepo ukitoka nyuma, inakosa msukumo wa kuiinua, inashuka na kurudi kushoto mapema. Diski zote zina tabia hiyo, ila zenye kuelea sana ndizo zinazoumia. Kwa hiyo ndugu yangu wa Tampere, kama viwanja vyako ni misitu mitupu, River ifikirie kwa moyo wote. Kama vina uwanda na maziwa, hapana.

Sasa baridi. Hewa baridi ni nzito, kila diski itapungukiwa mita kadhaa, usishangae. Plastiki ya msingi ikipigwa na mti uliogandishwa inameguka ukingoni. Plastiki za bei ya juu, kama Star na Champion za Innova au Gold na Opto za Latitude 64, zinadumu, ila nyingine zinakuwa ngumu na kuteleza vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kabla ya kununua ya majira ya baridi, ibonyeze ukingo dukani: ikikataa kabisa kukunjika ukiwa ndani kwenye joto, nje itakuwa kama kioo. Na kwenye theluji laini diski inazama bila alama. Watu wa huku wanabandika utepe mrefu chini ya diski kwa selotepu, utepe unabaki juu ya theluji. Inapunguza umbali kidogo lakini unarudi nayo nyumbani.

Shoto_Charlotte

Naona Volt imesahaulika, niitetee.

MVP wa Michigan wanaunda diski kwa plastiki mbili: katikati moja, na ukingo wa nje mwingine mzito zaidi. Uzito ukikaa nje, mzunguko unadumu. Kwa jicho langu faida kubwa siyo umbali, ni kufanana. Ukipoteza Volt ziwani ukanunua nyingine, unapata ndugu yake wa tumbo moja. Kwa TeeBird unaweza kukuta moja ina mgongo uliovimba inaelea sana, nyingine ya jina lilelile ina mgongo bapa inakata hewa na kurudi kushoto kwa nguvu. Anayenunua mtandaoni bila kuishika ajue hilo. Dukani, iweke usawa wa macho utazame mgongo wake.

Mimi ni shoto, kwa hiyo maelezo yote ya hapa nayageuza: kulia kwenu ni kushoto kwangu. Shoto wenzangu msitishwe na namba, ni zilezile.

Msonobari, kabla hujatoa pesa, azima hizo nne uende uwanja wa mpira. Simama kwenye mstari wa goli, rusha kuelekea goli la pili. Mstari wa kati ni mita 52 hivi, na ukingo wa kisanduku cha mbali ni karibu mita 88 kwa uwanja wa kawaida. Hapo huhitaji kipimo. Rusha kila moja mara tano kwa nguvu ya asilimia 80, na usiangalie iliyofika mbali zaidi. Angalia ipi zimetua karibukaribu. Diski yenye mrusho mmoja wa ajabu na minne iliyotawanyika haifai kwenye feawei zako.

Denver254

Dada Minneapolis, hoja ya mkono naikubali nusu. Kuna njia ya katikati: TeeBird ya DX, plastiki ya msingi ya Innova, gramu 165 hivi. DX ni laini, ikigonga miti miezi michache inaanza kulegea, ile sifuri inasogea kuelekea -1, na utakuwa na TeeBird inayonyooka kwa mkono wa kati. Tena ni ya bei nafuu. Wachezaji wengi wakongwe wanabeba TeeBird ya DX iliyozeeka pembeni ya mpya na kuzitumia kwa kazi mbili tofauti.

Dada_Minneapolis

Hiyo ni njia nzuri kwa anayetaka diski mbili tatu. Yeye amesema moja, na anacheza msituni. DX inayobadilika kila mwezi, atajuaje ni mkono umekua au ni plastiki imechoka? Hoja yako mwenyewe ya diski kusema ukweli inakugeukia hapo.

Denver254

Hapo umenishika. Basi kama ni moja na haibadiliki, iwe ya plastiki ya bei ya juu, na kwa mkono wake wa sasa Leopard3 ni chaguo la haki. TeeBird aje nayo mita zikifika 85 bila kulazimisha.

Msonobari_Tampere

Nashukuru sana wote. Nimepata za kuazima kwa wenzangu kazini, tumekwenda uwanja wa mpira wa shule, upepo mdogo kutoka kulia.

TeeBird, gramu 175: zote tano kushoto, zimepita mstari wa kati kidogo tu. Lakini zilikuwa zimerundikana, ungeweza kuzifunika kwa koti. Denver254 hakudanganya kuhusu kufanana.
River, gramu 170: ndiyo iliyofika mbali kuliko zote, mbili zimekaribia kisanduku. Nyingine zilipanda upepo ukazisukuma kushoto kabisa.
Volt, gramu 168: kati ya TeeBird na Leopard3. Nzuri mkononi.
Leopard3, gramu 166: nne zimenyooka, mita 72 hadi 78 kwa makadirio, moja imepinda kulia nilipoongeza nguvu.

Nimeegemea Leopard3 ya plastiki ya Star. Swali la mwisho: ile iliyopinda kulia, itakuwa tatizo mkono ukikua?

Shoto_Charlotte

Haitakuwa tatizo. Hiyo moja ulirusha kwa pupa, ndiyo maana nilisema asilimia 80. Siku itakapoanza kupinda kulia kila mara kwa nguvu ya kawaida, hapo ndipo Volt au TeeBird inaingia begini, na Leopard3 inabaki kwa kona za kulia na mirusho ya upepo wa nyuma. Haistaafu.

Bukavu_Oulu

Umechagua vizuri. Rangi nayo uichague kwa akili: usichukue njano, chungwa wala nyekundu, kwa sababu vuli ya Ufini ardhi yote ya msitu inakuwa rangi hizo, na nyeupe utaijutia Januari. Chukua waridi kali au buluu ya kung'aa. Na chini yake andika jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika kabla hujaitoa nyumbani. Huku mtu akiokota diski yenye namba anatuma ujumbe, yangu moja imerudi kwa njia hiyo baada ya theluji kuyeyuka.