Memori kadi ya GB 64 inayobeba GB 7 tu, na muuzaji anailaumu stima

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwezi uliopita nilinunua Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo isiyo na skrini yake, katika duka moja hapa Kisumu, nia yangu ikiwa kuiunganisha na spika za zamani zilizoko sebuleni ili mama asikilize benga na rumba zake bila kuomba simu ya mtu. Muuzaji alinifungashia kompyuta yenyewe, chaja na memori kadi iliyoandikwa GB 64, akaniapia kwamba vyote ni halisi.

Usiku wa kwanza mashine ilijizima mara nne. Kila nilipochomeka diski yenye nyimbo, alama ya radi ya manjano, onyo kwamba umeme unaoingia hautoshi, ilitokea kwenye skrini, na ile taa nyekundu iliyo pembeni ikazimika na kuwaka. Niliigeuza chaja chini ya tochi, nikabandua stika iliyosema ampea 3, na chini yake nikakuta maandishi yaliyochapwa kiwandani: volti 5, ampea 1. Raspberry Pi 4 huhitaji volti 5 na ampea 3, kwa hiyo nilikuwa nimeuziwa chaja ya simu iliyovishwa jina la kuazima. Niliporudi dukani, kijana wa kaunta hata hakuiangalia. "Mwalimu, hiyo ni shida ya stima ya mtaa wenu," akasema. Nilinunua chaja nyingine kwingineko, na tangu siku hiyo mashine haijazimika.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Niliponakili nyimbo kwenye kadi, Volumio, programu ya kucheza muziki, iliziorodhesha zote, majina yakiwa kamili na ukubwa wa kila faili ukionekana, lakini nyimbo zilizoingia mwanzoni zilicheza vizuri na zilizofuata zikawa kimya kitupu. Nilifuta nikanakili upya mara tatu, na kila mara kimya kikaanzia karibu pale pale. Hatimaye niliipima kwa F3, programu inayoijaza kadi mpaka pomoni kisha ikasoma tena ilichoandika, na kati ya GB 64 zilipatikana GB 7 na ushei. Kadi za namna hii huchezewa zitangaze nafasi zisizo nayo, na chochote kinachozidi nafasi yake halisi hupotea bila onyo lolote.

Jibu la duka lilikuwa lile lile: stima ikikatika, kadi huharibika. Ni kweli huharibika, hasa ikikatika wakati kadi inaandikwa, na sisi wa huku tunaijua giza ya ghafla kuliko watu wengi. Lakini stima gani hiyo inayongoja GB ya saba kila mara ndipo ikatike?

Risiti ninayo, na ile stika nimeihifadhi ndani ya bahasha. Jumamosi naenda na kompyuta yangu niipime kadi hiyo juu ya kaunta yao, mbele ya wateja. Kama kuna aliyeuziwa kadi ya aina hii Kisumu au Nakuru akafanikiwa kurudishiwa pesa zake, naomba anieleze alifanyaje.