F 22, kikosi cha ndege za Sweden chini ya ONU (Umoja wa Mataifa) kule Congo: kwa nini kiliondoka Luluabourg kikahamia Kamina?

Katuba_Lushi: Bandugu, ONU ilileta ndege za Sweden kwa sababu ya Fouga (ndege ndogo ya jeti) moja tu ya Katanga, jimbo lililojitenga na Congo? Na ziliruka kutoka wapi?

Fundi_Avio: Ndiyo. Fouga Magister tatu zilifika Élisabethville (leo Lubumbashi) mwanzoni mwa 1961, lakini mwezi wa 9 ni moja tu iliyokuwa ikiruka. Ni ndege ya mafunzo, ila ilitosha: ONU haikuwa na ndege ya vita hata moja, kwa hiyo askari wake waliokuwa wamezingirwa Jadotville (leo Likasi) hawakuwa na wa kuwafunika kutoka angani. Mwezi wa 10 zikaja J 29B tano, ndege za vita za Sweden, zenye mizinga 4 ya mm 20 na roketi. Ethiopia ilileta ndege za vita F-86, India ndege za mabomu Canberra.

Mzee wa Luano: Ndugu Katuba, zilianza kuruka kutoka Luluabourg, na shida ilikuwa umbali. Kutoka Luluabourg (leo Kananga) mpaka kwetu Élisabethville ni zaidi ya km 800, na J 29 ni ya safari fupi: mafuta yanaishia njiani, dakika za kupiga zinabaki chache. Kutoka Kamina, Kolwezi, penye uwanja wa ndege za Katanga, iko km 240 hivi. Ndiyo maana wakahamia Kamina.

Fundi_Avio: Mzee, ongeza mvua. Tarehe 29/12/1962 mawingu yalishuka sana pale Kolwezi, roketi hazikufaa, marubani wa F 22 wakapiga uwanja kwa mizinga tu. Na S 29C mbili, yaani J 29 za upelelezi, zilikuwa na kamera puani badala ya mizinga. Kwangu hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa, maana bila picha unapiga uwanja mtupu.

Katuba_Lushi: Aksanti, bakubwa. Na baadaye?

Mzee wa Luano: Kikosi kilivunjwa 1963. Ndege kadhaa zililipuliwa Kamina hapo hapo.