Kwa nini makanisa ya Kiromaneski yana kuta nene na madirisha madogo?

Msomaji wa Sanaa:
Habari zenu, ndugu. Vitabu tunavyosoma darasani vinayaeleza makanisa ya Kiromaneski, yaliyojengwa Ulaya Magharibi takriban kati ya mwaka 1000 na 1200, kwa orodha ileile: matao ya nusu duara, kuta nene, nguzo kubwa, madirisha madogo. Orodha nimeikariri, ila sioni kinachoyaunganisha mambo hayo. Je, ulikuwa mtindo tu, au kuna jambo la kiufundi lililowalazimisha wajenzi?

Fundi Mawe:
Ndugu, anzia juu, kwenye dari. Makanisa mengi ya awali yalipauliwa kwa boriti za mbao, na moto uliyateketeza mara kwa mara. Dari la mawe haliungui, tena huvumisha vizuri sauti za watawa wanaoimba zaburi. Umbo lake jepesi kulifikiria ni tao la nusu duara lililorefushwa kutoka mlangoni hadi altareni, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu. Tatizo ni kwamba uzito wa dari hilo haushuki wima tu, bali huzisukuma kuta kwenda nje katika urefu wake wote. Ukuta mwembamba utapinduka, na ukiutoboa madirisha mapana karibu na dari umeudhoofisha pale pale unapobeba. Huko Toulouse, Ufaransa, katika kanisa la Saint-Sernin, ambalo Papa Urban II aliliweka wakfu mwaka 1096 likiwa bado linajengwa, wajenzi waliweka juu ya njia za pembeni ghorofa zenye dari la robo duara ili zikinge msukumo huo. Zinaukinga kweli, lakini zimeziba mahali ambapo madirisha ya ukumbi mkuu yangekaa, kwa hiyo mwanga huufikia ukumbi kwa kupitia pembeni.

Mkaa Maktaba:
Maelezo ya Fundi Mawe ni sahihi kwa Toulouse, lakini yasichukuliwe kuwa kanuni ya kila mahali. Madari mawili ya aina hiyo yakikatana, uzito huteremkia kwenye pembe nne, na ukuta ulio kati ya pembe hizo hupata nafuu. Kwa njia hiyo Kaisari Heinrich IV aliliwekea kanisa kuu la Speyer, Ujerumani, dari la mawe lenye kimo cha mita 33 hivi mahali pa dari la mbao. Huko Vézelay, Ufaransa, nako, ukumbi wa kanisa uliojengwa baada ya moto wa mwaka 1120 una madirisha juu na mwanga wa kutosha, ingawa gharama yake inaonekana hadi leo: kuta zimeinama kwenda nje.

Isitoshe, si kila sifa ilitokana na uzito. Njia inayozunguka nyuma ya altare iliwawezesha mahujaji kuyafikia masalia ya watakatifu bila kukatiza ibada, na ile Hukumu ya Mwisho iliyochongwa juu ya mlango wa kanisa la Conques, Ufaransa, haibebi dari lolote. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi bora ya zama zote hizo.

Msomaji wa Sanaa:
Nawashukuru nyote. Basi je, tao lenye ncha likionekana, ndiyo tuseme ni Kigothi, yaani mtindo uliofuata Kiromaneski?

Fundi Mawe:
Hapana. Kanisa la abasia (monasteri) ya Cluny, Ufaransa, lililoanza kujengwa upya mwaka 1088, lilikuwa na matao yenye ncha, na bado huhesabiwa kuwa la Kiromaneski. Kanisa kuu la Durham, Uingereza, lililoanzwa mwaka 1093, linatatanisha zaidi, kwa kuwa dari lake lina mbavu za mawe, yaani matao membamba yanayopita chini ya dari, na juu ya ukumbi mkuu kuna matao yenye ncha. Lakini limesimama juu ya kuta nzito na nguzo za mviringo nene kupindukia. Tazama ukuta kabla ya tao: ukiwa bado ndio unaobeba, uko kwenye Kiromaneski. Katika sehemu ya altare ya kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, iliyokamilika mwaka 1144, kazi hiyo imeachiwa nguzo nyembamba na mbavu, na nafasi iliyobaki imejazwa vioo.