Kaa mgeni akishaanza kuingiza fedha: tummalize au tumwekee mgao?

Mleta mada:
Wakuu, hili naomba tulijadili bila jazba. Miaka ya 1960 wataalamu wa Kisovieti walichukua kaa wekundu wakubwa kutoka Pasifiki wakawamwaga baharini karibu na Murmansk, kaskazini-magharibi mwa Urusi, wavuvi wa kaskazini wapate biashara. Kaa hana pasipoti. Miaka ya 1970 akawa keshaingia Norway. Wavuvi wa huko walilia: unategea samaki aina ya kodi, unapandisha dude lenye miiba lililojizongazonga kwenye jarife, na kulinasua ni shughuli ya nusu siku. Leo dude hilohilo linapakiwa kwenye ndege likiwa hai, linaliwa na matajiri.

Norway wakachora mstari kwenye longitudo 26 mashariki, pale Nordkapp, rasi ya kaskazini kabisa. Mashariki ya mstari anavuliwa kwa mgao, yaani kiasi kilichowekewa kikomo, na wanufaika wakubwa ni wenye boti ndogo wa Finnmark, mkoa wa huko kaskazini. Magharibi, vua utakavyo, asisambae zaidi.

Mimi huo mgao siuelewi. Mgao huwekwa ili mwakani kiumbe awepo. Sasa huyu anafagia minyoo, kombe na kila kinachoishi chini ya bahari, nasi tunamtunzia uzao? Kula tumle, lakini kumwekea akiba hapana.

Mvuvi wa Pemba:
Mkuu, umeongea kama mtu anayenunua samaki sokoni. Tazama Tunisia. Kule aliyevamia ni kaa wa buluu, Portunus segnis, ambaye kwao ni huku kwetu, pwani ya Afrika Mashariki hadi Ghuba ya Uajemi. Huku hana makuu, tunamla na maisha yanaendelea. Kapita Mfereji wa Suez, na kwenye mwaka 2014 hivi akaanza kufurika Ghuba ya Gabes. Wavuvi wakambatiza "Daesh", jina la lile kundi la kigaidi la ISIS. Anakata nyavu, na samaki aliyenasa anamtafuna humohumo. Ukivuta unakuta kichwa na miba.

Baadaye serikali ikaja na mpango, wavuvi wakapewa madema ya kumtegea, viwanda vikaanza kumgandisha na kumpeleka Asia. Nenda sasa Kerkennah, visiwa vya hukohuko Tunisia, ukamwambie mvuvi ammalize. Atakuuliza watoto wale nini.

Wa Naivasha:
Ziwa si bahari, najua, lakini nisikilizeni. Mwaka 1970 ziwa letu liliwekewa kamba wekundu wa Louisiana, kwa hoja hiyohiyo ya biashara. Muongo huo waliuzwa hadi Ulaya, watu wakachangamka. Biashara ikafifia, kamba wakabaki. Mayungiyungi na majani ya chini ya maji yaliumia vibaya. Mnaotetea soko, siku mnunuzi akikata simu mtafanyaje?

Msomaji wa Mombasa:
Na nyinyi nyote mnadhani kila anayevamiwa anapata cha kuuza. Italia, Delta ya Po, 2023: kaa wa buluu wa Marekani (huyu ni mwingine, Callinectes sapidus) aliingia kwenye mashamba ya kombe akala hadi vifaranga. Jike mmoja hubeba mayai hata milioni mbili. Serikali ilitoa euro milioni 2.9 za kuwakamata na kuwateketeza, wapishi wakatoa mapishi kwenye televisheni, na mfugaji wa kombe bado alikuwa na shamba tupu.

Inadhaniwa kaa huyo alifika Ulaya kwenye maji ya balasti, yale ambayo meli hubeba tumboni isiyumbe na kuyamwaga bandarini. Mkataba wa kuyasafisha ulipitishwa 2004, ukaanza kutumika 2017. Miaka 13! Hapo ndipo hasira zangu zilipo, si kwenye sahani ya mtu.

Mleta mada:
La balasti nakubali, ila kwa Murmansk halisaidii. Pale walimwaga kwa makusudi. Wa Pemba, hujajibu. Bei ikipanda Gabes na kaa wakipungua, wavuvi wakaomba uvuvi ufungwe miezi kadhaa kaa azaliane, wewe ungekuwa waziri ungewakubalia?

Mvuvi wa Pemba:
Ningefunga asubuhi na mapema. Kwani samaki wa zamani wa Gabes unadhani watarudi kwa sababu kaa kaondoka? Bahari ile ilishachoshwa na matrola, meli zinazokokota nyavu chini ya bahari, kabla hata ya huyo Daesh.

Wa Naivasha:
Kwa hiyo bahari ikishachoka, karibu kila mgeni? Hapo ndugu yangu sipo.