Naombeni ushauri, tanki la samaki lina maji ila samaki bado

Wakuu habari zenu. Niko Kigoma hapa Mwanga, fundi vioo kanitengenezea tanki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita hamsini na kitu. Mara ya kwanza niliharibu, asubuhi nimejaza maji ya bomba jioni nikatia samaki sita, siku ya nne wote wanaelea na maji yamekuwa kama yale ya kuoshea mchele, dogo kalia mpaka nikaona aibu.

Kumbe kinyesi cha samaki kinatoa amonia, sumu inayowaua, na tanki jipya halina bakteria wa kuila, mpaka wajijenge ni wiki 4 hadi 6. Sasa nimeanza upya, mchanga wa Kibirizi nimeuosha weee, mawe, filta ya sponji na pampu ya hewa, maji nayo niliyaacha kwenye ndoo wazi siku mbili klorini itoke. Kila siku natupia punje mbili tatu za chakula zioze bakteria wapate kula, wife ananicheka eti nalisha mawe.

Sasa umeme ukikatika usiku kucha hao bakteria kwenye sponji si wanakufa? Halafu nataka wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwenye makombe ya konokono, je nichote maji ya ziwani au haya ya bomba yanatosha? Na huku vipimo vya amonia sijaviona dukani, bila kupima nitajuaje tanki limeiva? Aliyewahi kufuga anijuze jamani, dogo ananiuliza kila akirudi shule.